Chatu Aliyekaa Eda

Siku ya kwanza kumwona Bi Biubwa, muuza mchele wa Palma, nilikuwa nanyoosha mkono nimguse chatu wake anayemkamatia panya ghalani.

"Mwache! Amekaa eda."

Chatu alikuwa amejificha, hali, macho yamefanya ukungu. Niliona haya, lakini nikauliza neno hilo lilikotoka.

"Kwangu. Nilipofiwa na mume nilikaa ndani, naye akajificha, anataka kujivua gamba. Shoga yangu akacheka, 'Lo, mmefiwa wote wawili!' Wafugaji wenzangu wa chatu wakalidaka neno."

Mwaka huu alihamia Mtwara kwa bintiye. Aliogopa chatu wake asije akachunwa ngozi huko. Akanikabidhi mimi.

"Wewe ndiye uliyeuliza habari zake. Akikaa eda, mdogo wangu, usimpigie hodi."