Jina la Mutoto wa Kwanza

Kitabu cha batoto nilichotafsiri kutoka Kifaransa kilikuwa na kijana anayepotea porini. Jina lake la kubuniwa lilinikera: mutoto wa kwetu atalitamkaje? Nikamupa lile ambalo sisi Banande tunamupa kila mutoto mwanaume wa kwanza.

Nilienda kukisoma katika shule moja ya Mbau. Nilipofika pale anapoingia porini, vicheko vilikatika. Batoto wakageukia benchi moja tupu.

“Mama, funga kitabu,” mwalimu alininong’oneza. “Mwenye jina hiyo, batu ba bunduki balimupeleka porini juzi. Mpaka leo hapana kurudi.”

Nilitoka inje, nikapiga simu nyumbani, Butembo. Mutoto wangu wa kwanza anaitwa vilevile. Simu ililia, ikalia, hapana mutu wa kuipokea.