Jina Mwishoni mwa Wimbo wa Bibi

Nilipokuwa mtoto wa darasa la tatu, bibi yangu Felista alifariki Kalenga wakati wa kupukuchua mahindi. Wiki chache kabla, alikuwa amerekodiwa akiimba wimbo wa maziko. Kijijini walisema wimbo ndio uliomchukua.

Wimbo wenyewe ni wa Kihehe, huimbwa na wanawake wakitoka makaburini. Bibi alisema mama yake alikuja nao kutoka Idodi alipoolewa. Ulikotoka kabla ya hapo hakujua. Ubeti wa mwisho una nafasi ya jina. Mwimbaji huweka jina la marehemu, na mtu wa damu yake huitikia kwamba amefika. Pasipo msiba ubeti huo hauimbwi. Ukiifungua ile nafasi, itatafuta wa kuijaza. Hivyo ndivyo tulivyofundishwa, na hata sisi watoto tulipozika panzi kwa mchezo tuliishia kabla ya hapo.

Aliyekuja kurekodi alikuwa mwalimu kutoka Mbeya, mkusanyaji wa nyimbo. Mama alikuwa shambani. Mimi nilikuwa mkekani napukuchua.

“Kamwene, mwalimu,” bibi alimsalimu. “Hicho kidude chako kinakula nini?”

“Betri, bibi.”

“Basi kinakula vizuri kuliko mke mwenzangu huyu,” alisema, akininyooshea mimi gunzi.

Aliimba, akasimama pale wanapoishia wote. Mwalimu akaomba ubeti wa mwisho. Bibi akakataa. Mwalimu hakubishana, alisema tu kwamba hajampata mwingine anayeujua. Hapo bibi akaweka gunzi chini. Dada zake wote walikuwa wametangulia. Mama aliwahi kuusikia ubeti huo, ila hakuthubutu kuushika.

“Nikifa mimi,” bibi alisema, “nani ataniimbia mpaka mwisho?”

Nakumbuka kwamba aliimba. Nakumbuka pia kimya kilichofuata, kwa sababu hapakuwa na wa kuitikia. Kuku alipita katikati yetu. Jina aliloweka sikulikumbuka.

Kifo kilipokuja, mwalimu alikuwa ameshaondoka na kaseti yake. Wanawake waliimba kutoka kaburini, wakafika mahali pale, wakakaa kimya mpaka nyumbani. Mama alilia zaidi kwa hilo kuliko kwa udongo. Tangu hapo alikuwa akisema mama yake hajafika, bado yuko njiani.

Mwaka jana watoto wa mwalimu huyo, ambaye sasa ni marehemu, walileta boksi la kaseti kwenye redio ninayofanyia kazi, Mbeya. Wimbo ule ulikuwa kwenye kaseti tatu. Mbili ni za wanawake wa Idodi, za zamani zaidi. Zote mbili zinaishia mahali pamoja. Katika moja mtu anakohoa. Katika nyingine mwanamke anasema, “Hapa inatosha,” na mashine inazimwa.

Ya tatu niliisikiliza studio, mchana, pamoja na fundi mitambo. Bibi alikuwa na sauti nyembamba kuliko niliyokuwa nayo kichwani. Alipofika kwenye ubeti ule aliyataja maneno yake bila kuimba, akasita penye jina. Kisha mwalimu akasema:

“Weka jina lolote, bibi. Hata la huyu mtoto. Eliza, sivyo?”

Mwalimu akauimba ubeti yeye mwenyewe, taratibu, akifuata maneno hayo, na jina langu ndani yake.

Kisha sauti ya bibi: “Mwalimu, umefanya nini?”

“Ni mfano tu, bibi.”

“Wimbo huu hauna mfano. Haya, washa. Jina la mwisho ndilo linalobaki.”

“Imewaka, bibi.”

Akauimba upya tangu mwanzo wa ubeti, akaweka Felista.

Fundi alivua spika za masikioni. “Dada, huyo Eliza ni wewe?”

“Ni mimi.”

“Na bado upo,” alisema, na hakucheka.

Bibi alikuwa anakohoa tangu majira ya baridi. Hilo nalikumbuka vizuri. Nimeandika habari za vifo vingi na siku zote huuliza daktari alisema nini. Kwa bibi alisema kifua, na mimi nashika hilo la kifua. Sijui kama yeye angelishika. Kwake, mchana ule palikuwa na majina mawili, akachagua lipi libaki, kisha akaendelea kupukuchua mahindi pamoja nami bila kuniambia lolote. Nilipotengeneza nakala ya kumpelekea mama, niliondoa sehemu ya mwalimu. Hakuna aliyeniomba. Nilirudi mara mbili kuhakikisha kwamba jina langu halimo.

Mama nilimweleza yote kwa simu. Akasema, “Ilete, mwanangu. Tukamalize.”

Tulikwenda kaburini asubuhi: mama, mama wadogo wawili, na mimi nikiwa na simu na spika ndogo. Mama wadogo waliupokea wimbo kana kwamba anayeuongoza amesimama mbele yao. Ulipofika ubeti wa mwisho walinyamaza, ikabaki sauti ya bibi peke yake. Ikasema Felista.

Mama aliinamisha kichwa. Spika ilikuwa ikivuma tu.

“Amefika,” mama alisema.

Nilizima simu. Tuliondoka mmoja mmoja, na hakuna aliyegeuka nyuma.