Samli ya Mama Ndani ya Kompyuta

Nichekeni mkitaka, ila mnisikilize kwanza. Kompyuta ya ofisi yetu hapa Garissa ilikuwa ikizimika kila adhuhuri kwa joto. Nikaifungua kwa majivuno, maana mimi ndiye bingwa niliyesomea mambo hayo Nairobi. Ile dawa nyeupe inayopakwa kati ya prosesa, ule ubongo wa kompyuta, na chuma cha kuipoza ilikuwa imekauka ikawa unga, na Garissa nzima hakuna duka lililokuwa nayo. Nikajiambia, mafuta ni mafuta. Nikachota subag, samli aliyonitumia mama kutoka Sangailu, nikaipaka bila uchoyo.

Kesho yake mchana harufu ya samli ya moto ikajaa ofisini. Ilikuwa Ramadhani, na sote tumefunga.

"Nani anakula?" mkubwa wetu akafoka.

Macho yakamgeukia mpiga chapa wetu, mama mtu mzima tunayemwita Eddo, yaani shangazi, kwa sababu harufu ilitoka mezani pake, ilipokaa ile kompyuta.

"Wallahi nimefunga," akasema.

Mimi nilijua. Nikanyamaza, mpaka akamwaga mkoba wake mbele ya watu, ikatoka tasbihi na leso tu.

Hapo kompyuta ikazimika. Mkubwa akaniamuru niitazame. Nilipoiinua, samli ikachuruzika chini ya kasha, ikanidondokea viatuni.

Hakuna aliyecheka. Eddo alivitazama viatu vyangu, kisha akanitazama usoni.

"Mwanangu," akasema, "kumbe muda wote ulikuwa unajua?"