Siku Mashine Ilipokataa Vidole vya Bi Esha

Mwanangu, ipo siku moja ambayo hata sasa nikiikumbuka viganja hunitoka jasho. Nakusimulia kwa sababu umepata kitambulisho chako cha kwanza, na uchaguzi unakuja.

Ilikuwa siku ya kupiga kura, hapa hapa Siyu, katika skuli ya msingi. Nilikuwa mtu mzima mwenye watoto, ila mbele ya Bi Esha, mama wa mume wangu, nilikuwa bado mwari. Yeye alikuwa mkongwe, mwembamba, mwenye vidole vilivyolika kwa jembe na kusuka mikeka.

Miaka ile tuliishi kwa hofu. Huko bara watu wenye bunduki walikuwa wakishambulia, na askari wakipita visiwani kuwatafuta. Aliyekutwa hana kitambulisho alichukuliwa. Shemeji yangu, mtoto wa mwisho wa Bi Esha, alichukuliwa akitoka shamba kwa kuwa chake alikiacha nyumbani. Alirudi baada ya wiki nyingi. Mpaka leo mlango ukigongwa yeye huhamia chumba cha ndani.

Na kuhusu kura, kila mtu alikuwa na lake. Huyu asema kopi ya kitambulisho yatosha. Yule asema karatasi ya kusubiria kitambulisho yatosha. Mwingine aapa kuwa usipokuwa na cheti cha kujiandikisha utafungwa. Mimi na Bi Esha tulikwenda hivyo hivyo, tukimuomba Mungu.

Mbele yetu alikuwa kijana wa jirani aliyeshika kopi. Askari wa mlangoni akamwambia pita. Ndani, karani akamwambia toka, sharia yataka kitambulisho chenyewe. Kijana akabaki katikati ya chumba, hajui amtii nani, mpaka akaondoka akitazama chini.

Ikaja zamu ya Bi Esha. Akaweka kidole kwenye mashine ya kusoma alama za vidole. Ikakataa. Akakifuta kwa leso, ikakataa tena. Karani, kijana mpole wa kutoka bara, akamwambia, "Jaribu kingine, mama." Vyote vikakataliwa.

Yule askari akaingia. Akakiokota kitambulisho mezani, akaitazama picha, akamtazama Bi Esha.

"Huyu siye mwenye hii kadi," akasema. "Huku watu wanapiga kura na kadi za marehemu. Apelekwe kwa polisi, wakamhoji."

Akakitia mfukoni mwa shati lake.

Mwanangu, akilini nilimuona shemeji yangu akichukuliwa, nikamuona na huyu mama mzee akipandishwa garini. Nyuma yetu nikasikia mabuibui yakichakarika, na nilipogeuka, safu ya wanawake ilikuwa imekatika. Wengi walikuwa wakienda zao bila hata kuagana.

Nikamshika mkono nikamnong'oneza, "Mama, tuwaachie. Twende zetu."

"Twende wapi, na kipande changu ki mfukoni mwake?" akanijibu. "Ndia ya kurudi kwetu naijua. Keti."

Akaketi sakafuni, mbele ya meza. Nami nikaketi kando yake. Kisha akamuuliza karani, taratibu, kama anayeuliza bei ya samaki, "Mwanangu, sharia ya humu ndani umefundishwa wewe au huyu Bwana?"

Karani akaitazama bunduki ya askari. "Nimefundishwa mimi, mama."

"Basi yasemaje, vidole vikikataa?"

"Tunatafuta kwa namba ya kitambulisho. Mawakala wa vyama wakiwa wanaona."

"Na mbona wanyamaza?"

Karani akainuka. Alikwenda kumwita msimamizi wa kituo, naye akaja akanyoosha mkono: "Afande, hiyo kadi." Askari hakuitoa. Alinigeukia mimi.

"Wewe ni nani wake?"

"Mkaza mwanawe."

"Nitajie majina yake yote, kama yalivyo kwenye kadi."

Nimekula na mama yule, nimemuuguza, nimelala chumba kimoja naye, na jina la baba yake likanipotea. Askari akaanza kutikisa kichwa. Bi Esha hakunisaidia kwa jina, maana angenisaidia wangesema amenifundisha. Alisema tu, "Vuta pumzi. Wanijua."

Nikavuta pumzi. "Esha Athmani Shee," nikasema.

Askari akakitoa kitambulisho, majina yakalingana, akampa msimamizi. Karani akaandika namba, mawakala wakasogea, na uso wa Bi Esha ukatokea kwenye mashine, na ushungi wake. Akapiga kura, nami nikafuata. Walipokiweka kitambulisho chake mezani, Bi Esha hakukiokota, alingoja wampe mkononi.

Tulipofika nyuma ya ukuta wa skuli aliinama akatapika. Nikamshika kwa mikono miwili.

"Nilidhani ndiyo basi," akasema. Kumbe alikuwa akiogopa kama mimi. Alipojipangusa akauliza, "Wale wanawake wamekwenda wapi?"

Tukapita mlango kwa mlango tukiwaita warudi, mpaka karibu kituo kifungwe. Baadhi walitufuata. Wengi walikataa. Dada yake wa tumbo moja hakufungua hata komeo. Alijibu kutoka ndani: "Esha, wewe umerudi. Mimi najuaje kama nitarudi?"

Bi Esha akaenda mlango uliofuata.

Basi nisikize, mwanangu. Sharia iulize kabla ya siku yenyewe, kwa wanaohusika, usiiokote barazani. Nenda na kitambulisho chenyewe, na usiondoke kikiwa mfukoni mwa mtu. Wakivutana mbele yako, muulize yule ambaye ni kazi yake, kwa adabu, na umngoje ajibu. Usiende peke yako: fuatana na anayekujua kwa majina yako yote, nawe uyajue yake. Kuogopa utaogopa, sikudanganyi. Lakini ukiogopa ukakimbia, walio nyuma yako wanakuona, na huenda usiweze kuwarudisha.

Mwenyezi Mungu akutangulie unapoingia na akusindikize unapotoka. Akupe ulimi wa kuuliza na moyo wa kungoja jibu, na ampe utulivu kila atakayesimama nyuma yako. Amin.