Kocha amefuta na kiatu alama ya mpira wangu

Watu wangu, nimetoka kiwanja ya tenisi sasa hivi.

Wiki tatu kocha ananiambia, "Mathe, bekihendi ya mkono mmoja ni ya wanaume, si ya mama kama wewe. Shika raketi na mikono miwili."

Nikakataa. Kila asubuhi nimekuwa nikigonga mpira hivyo, mgongo wa mkono mbele, kwa ukuta ya ploti yetu hapa Section 58.

Leo tumecheza, mimi na yeye. Nikauchapa mpira na mkono mmoja, ukampita, ukaanguka ndani ya laini. Alama ikabaki kwa mchanga, wazi kabisa.

"Nje!" akasema.

"Kocha, ngoja tuangalie alama."

Akanitangulia, akaifuta na kiatu. Halafu akacheka: "Alama gani?"

Mtu mzima! Na ndiye hufundisha watoto wetu kila Jumamosi.

Nimebeba raketi nikaenda. Mkono hata sikumpa.

Nyinyi mngempa?