Selotepu Niliyoiweka kwa Yule Bwana

Godauni letu lilikuwa Shahe, kwenye soko la nguo kule China, na kazi yetu ilikuwa kufunga marobota ya nguo. Tulikuwa wafungaji kumi na watatu, Wachina saba na sisi Waafrika sita. Laoban, mwenye godauni, alituachia tujichagulie msimamizi. Kila mara alipita Mchina yuleyule, naye alitusimamia kwa nondo. Mimi alinivunja jino la mbele kwa sababu niliweka robota upande usio wake. Jina langu kwake lilikuwa shetani mweusi.

Hakuna mweusi aliyewahi kushindana naye, mpaka dada mmoja wa Tanga aliposimama.

"Mdogo wangu," aliniambia, "huyu akibaki ataua mtu. Na atakuua wewe, maana wewe hupigi hata kelele."

Kura yetu ilikuwa selotepu. Kila mmoja aliweka yake juu ya robota la anayemtaka. Ndani ya tundu la kila selotepu tulikuwa tumeandika alama zetu, kwa sababu ziliibwa sana.

Zamu yangu ilipofika, yule bwana alikuwa anagonga nondo sakafuni, taratibu. Nikaweka yangu kwake.

Kijana mmoja wa Kichina aliweka kwa dada. Wa mwisho alikuwa mama wa Kichina, aliyekuwa akihama meza sisi tukikaa kula. Naye akaweka kwa dada. Ikawa saba kwa sita.

"Mama, hata wewe?" mtu akamuuliza.

"Yeye piga mimi pia," alijibu kwa Kiswahili chake cha sokoni.

Yule bwana aliinua nondo akampiga dada mkononi. Nilisikia mfupa. Mama akamkata yule bwana kiganja kwa kisu cha kamba, nondo ikaanguka, kisha wote wakamwangukia yeye, weusi na Wachina. Mimi nilimpiga mateke alipokuwa tayari chini. Mdomo wake ulijaa damu kama wangu siku ile.

"Inatosha," dada alisema. "Mtoeni nje."

Halafu akaenda kwenye robota la yule bwana, akaokota selotepu moja, akachungulia ndani.

"Ya nani hii?"

Nilijifanya napanga marobota.

"Nakuuliza wewe."

"Yangu, dada."

Akanitupia.

"Lete kipande cha boksi. Nifunge mkono."

Niliuzungushia selotepu kama tunavyofunga robota. Yeye aliuma ncha ya mtandio.

"Kaza," akasema.