Dansi ya Kukabidhiwa Ufunguo

Klabu yetu ipo mtaa wa Black Rock, katika jengo ambalo zamani lilikuwa bucha. Kulabu za kuning'inizia nyama bado ziko darini, na ndiko tunakofunga taa za rangi. Babu yake mume wangu alitoka Puerto Rico kuja kufanya kazi kwenye kiwanda cha chuma hapa Buffalo, Amerika. Kila nyumba aliyopanga aliambiwa apunguze sauti ya redio, mpaka akachoka, akanunua bucha lililokufa ili apige muziki wake atakavyo. Sakafu ya mbao aliipigilia mwenyewe, na bibi akawa anapika wali na mbaazi jikoni nyuma. Ukiona vyaelea, vimeundwa.

Mimi nilinaswa na mbaazi. Niliingia kuomba kazi ya jikoni, msichana wa Kirundi niliyekulia kambini Kigoma, nikakuta sufuria la wali na mbaazi linatokota, nikajua nimefika kwa watu. Ngoma zilifuata baadaye, na mpiga ngoma baadaye zaidi. Ndiye mume wangu.

Mama mkwe alirithi klabu kwa baba yake, akaiendesha mpaka magoti yakamgomea. Watoto wake wengine walishasema hawataki kazi ya kulala mchana. Mume wangu ni fundi wa ngoma, lakini mwachie friji na bili za umeme uone maajabu. Basi mama mkwe akanitazama mimi. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Lakini kwao kuna desturi. Anayepokea ufunguo wa klabu hucheza dansi ya kwanza na mzazi wake, mchana, mbele ya watu wote. Mama mkwe alicheza na baba yake. Mimi baba sina. Alifariki kambini nikiwa mdogo. Nina mama tu, na mama yangu ndiye kiongozi wa kwaya ya akina mama kanisani. Nyumba yake iko mitaa michache kutoka klabuni, na kila akirudi kutoka kazini kwake, kiwandani Tonawanda, alikuwa anazungukia barabara ya nyuma ili asipite mlangoni petu.

Nilipomweleza, alikaa chini.

"Kilabu? Nimekulea kambini kwa shida, nikakuleta Amerika, ili uwe mama wa kilabu?"

Kilabu alichokijua yeye ni kile kibanda cha kambini, wanaume wakinywa pombe ya mahindi na kung'oana meno. Kufikia jioni habari zilikuwa zimeshaenea. Shangazi wa Columbus alinipigia simu akilia. Mjomba wa Louisville alinitumia sala ya sauti, ndefu kiasi kwamba nilipika, nikaosha vyombo, na amina bado haijafika.

Nina hasira za karibu, nakubali. Nilimwambia mama, "Basi usije!" kisha nikaenda kwa mama mkwe kumwomba atuondolee desturi yake.

"Siwezi," alisema. "Hapa watu huja na mama zao. Kama mama yako mwenyewe anaona aibu kuingia, nani atamleta wake?"

Alikuwa mpole, lakini hakulegea. Nisipocheza na mama, jengo litauzwa kwa jirani aliyetaka kulibomoa apate pa kuegesha magari. Niliitazama ile sakafu ya babu nikalia kwa uchungu, maana nilikuwa nimeipiga deki miaka mingi kuliko mjukuu wake yeyote.

Jumapili ikafika. Wanamuziki wamekaa, wali umeiva, watu wamejaa, na mama mkwe ameuvaa ufunguo shingoni. Mimi nimesimama katikati ya sakafu kama bibi harusi aliyeachwa. Nilikuwa nimeshakata tamaa mlango ulipofunguka.

Kwaya nzima iliingia, na vitenge vyao vya sare, moja kwa moja kutoka kanisani. Mbele yao mama yangu, Biblia kwapani, kama mtu aliyekuja kukemea mapepo. Aliangalia kulabu, akaangalia taa, akanusa.

"Mbaazi hizo kapika nani?"

"Mimi, mama."

"Mbona hukuniambia kwamba ni watu wa mbaazi?" Kisha akawageukia wanamuziki. "Kwanza tuombe."

Aliombea jengo, sufuria, na magoti ya mama mkwe. Wanamuziki walivua kofia. Alipomaliza alimpa mama mkwe Biblia amshikie, na mama mkwe akaipokea kwa mikono miwili. Muziki ukaanza, wimbo wa polepole wa huko kisiwani kwao.

Nilijiandaa kumwongoza mama pole pole, kama mtu anayemvusha mzee barabara. Loo! Mama alinishika kiuno akaniongoza yeye. Miguu yake ilikuwa haikosei hata pigo moja, na mabega yametulia kabisa. Kwaya ilipiga vigelegele mpaka kulabu zikatikisika. Mwanamke mmoja alikifungua kitenge chake cha juu akamfunga mama mkwe kiunoni, naye mama mkwe, na magoti yake yaleyale, akaanza kukata nyonga.

"Mama! Umejifunza wapi?"

"Kwani unadhani nilizaliwa nimeokoka?"

Akanieleza tukiwa tunacheza. Kambini walikuwa na jirani Mkongo mwenye redio, na betri zake walizianika juani ili zipate nguvu tena. Jioni rumba ikilia, vijana walikusanyika uani kwake.

"Baba yako nilimpata pale," alisema. "Alipokufa sikutaka tena kusikia ngoma."

Mama hakuwahi kunisimulia habari za baba zaidi ya homa iliyomuua. Sikujua hata kama alikuwa mtu wa kucheka. Nilitaka kumuuliza mambo mengi kwa pamoja, na machozi yalikuwa yananitoka, nikakosea hatua nikamkanyaga. Mama mkwe alikuwa ameshafika karibu yetu. Aliuvua ufunguo akanivika shingoni, watu wakashangilia.

Mama hakushangilia. Aliiangalia miguu yangu, akacheka mpaka akalazimika kunishikilia.

"Na baba yako," alisema, "alikuwa anakosea hapohapo."